Mmesaini ahadi ya tabianchi ofisini? Haya, sasa tuhesabu kaboni

Ofisi niliyokuwa nafanya kazi zamani tulisaini ahadi ya tabianchi, yaani ahadi ya kupunguza hewa ukaa inayotokana na majengo tunayobuni, kwa mbwembwe zote, nembo ikawekwa chini ya kila barua pepe, bosi akapiga picha na cheti, halafu miaka miwili ikapita hamna hata mtu mmoja aliyefungua eksel kuhesabu chochote. Siku moja mteja akauliza tu kiroho safi, "hivi hili jengo langu lina kaboni kilo ngapi kwa mita ya mraba?" tukabaki tunaangaliana kama watoto walioulizwa nani kavunja kikombe. Kwa hiyo haya nnayoandika ni yale ambayo ningetamani mtu angenikalisha chini anielekeze siku ile. Ni kwa ajili ya msanifu majengo wa kawaida, ofisi ndogo, hamna mtaalamu wa mazingira, hamna hela ya programu za bei mbaya.

Kwanza ujue kaboni yako imekaa wapi

Ripoti za Umoja wa Mataifa zinaweka majengo na ujenzi kwenye kama asilimia 34 mpaka 37 ya hewa ukaa (ndo hiyo tunayoiita kaboni kwa kifupi) inayotokana na nishati na viwanda duniani. Ndani yake kuna mafungu mawili. La kwanza ni kaboni ya matumizi, yaani umeme, gesi na mafuta ambayo jengo linakula kila siku likishahamiwa. La pili ni kaboni ya vifaa, yaani ile iliyotoka wakati wa kuchimba mawe, kuchoma klinka (yale mabonge yanayosagwa kuwa saruji), kuyeyusha chuma, kusafirisha, kujenga, kukarabati na mwisho kubomoa. Hili la pili ndo lilikuwa linasahaulika miaka yote, na baya zaidi sehemu kubwa yake inatoka kabla hata mlango haujafunguliwa, maji yakimwagika hayazoleki, ukishamwaga msingi hamna paneli ya sola itakayoirudisha ile hewa kwenye tanuru la saruji.

Sasa ofisi nyingi zikisaini zinaanzia wapi? Taa za LED, kupunguza kuprinti, safari za ndege. Sio vibaya, fanyeni. Lakini wale wanaohesabu gesijoto za makampuni wanagawa makundi matatu: unachochoma mwenyewe, umeme unaonunua, halafu kila kitu kingine kwenye mnyororo wa kazi yako. Kwa msanifu hilo kundi la tatu ndo kila kitu, maana sisi hatuchomi makaa wala hatuyeyushi chuma, ila mstari tunaouchora ndo unaoagiza mtu mwingine achome. Kuna slabu moja, yaani sakafu ya zege, nitaihesabu hapo chini, peke yake inatoa tani 150, ambayo ni sawa na kuchoma lita kama 65,000 za petroli. Printa ya ofisi itashindana na hiyo kweli?

Soma unachosaini

Ahadi hazifanani, na hapa ndo watu wanaingia mkenge.

Kuna ahadi za misimamo. Mfano Architects Declare ilianza Uingereza tarehe 30 Mei 2019, ofisi 17 zilizowahi kushinda tuzo ya Stirling, tuzo kubwa ya usanifu kule, ndo ziliianzisha, ikasambaa nchi nyingi. Nzuri, iliamsha watu, ila maneno yake mengi ni ya nia, kwa hiyo ikafika mahali watu wakaanza kuulizana nini kinaruhusiwa na nini hakiruhusiwi. Desemba 2020 ofisi mbili kubwa, Foster + Partners na Zaha Hadid Architects, zikajitoa baada ya mabishano makali kuhusu kubuni viwanja vya ndege. Sitaki kuingia nani alikuwa sahihi, nnachosema mimi ni kwamba ugomvi kama ule unakuja pale ambapo ahadi haina namba ya kupimia.

Halafu kuna ahadi zenye namba au zenye ripoti. Chama cha wasanifu cha Marekani, AIA, kina Ahadi ya 2030 toka mwaka 2009, ukisaini unapeleka takwimu za miradi yako kila mwaka, iwe mizuri iwe mibaya. Chimbuko lake ni changamoto aliyoitoa Edward Mazria mwaka 2006 kwamba majengo mapya yafike 2030 bila kutegemea mafuta ya kisukuku. Na chama cha Uingereza, RIBA, walitoa ya kwao 2019 na wakaiboresha 2021, hii naipenda kwa sababu inakupa namba mkononi: nyumba ya kuishi ikifika 2030 isizidi kWh 35 za nishati kwa mita ya mraba kwa mwaka na kaboni ya vifaa isizidi kilo 625 kwa mita ya mraba, ofisi isizidi kWh 55 na kilo 750, shule kWh 60 na kilo 540. Hata kama haupo Uingereza chukua hizo namba ubandike ukutani, zitakupa pa kuanzia.

Ushauri wangu, kama mnasaini moja tu, sainini yenye namba na yenye ripoti ya kila mwaka. Na msisubiri serikali, ingawa serikali zenyewe zinakuja mbio. Denmark mwaka 2023 waliweka kanuni kwamba jengo jipya linalozidi mita za mraba 1,000 lisivuke kilo 12 za kaboni kwa mita ya mraba kwa mwaka ikihesabiwa kwa miaka 50, na 2025 wakashusha zaidi. Ufaransa nao wana kanuni ya majengo mapya, RE2020, iliyoanza kazi 2022.

Hesabu yenyewe

Watu wanaogopa wanadhani ni sayansi ya roketi. Hesabu ni moja tu: kiasi cha kifaa zidisha kigezo chake cha kaboni. Kilo za nondo mara kilo za hewa ukaa kwa kila kilo ya nondo. Gesi zingine zote zinageuzwa kuwa sawa na hewa ukaa ili zijumlishwe pamoja. Basi.

Kiasi unakipata kwenye BOQ (orodha ya vifaa na vipimo vyake), au kwenye modeli ya kompyuta, au mwanzoni kabisa unakadiria kwa mkono. Kigezo unakipata kwenye EPD, hiyo ni karatasi ya bidhaa ambayo kiwanda kimepima na mtu wa nje akahakiki, na kama bidhaa haina EPD unatumia wastani kutoka kanzidata za bure kama ile ya ICE iliyoanzia Chuo Kikuu cha Bath. Kuna na kikokotoo cha EC3 nacho cha bure. Angalia tu tarehe ya EPD isiwe imeisha muda na uangalie ni ya kiwanda kipi, maana saruji mbili zenye jina moja zinaweza kutofautiana sana kulingana na tanuru linachoma nini.

Halafu kuna herufi za hatua za maisha ya jengo, hizi lazima uzizoee kwa sababu kila mtu atakuzungumzia kwa herufi. A1 mpaka A3 ni kuchimba, kusafirisha malighafi na kutengeneza kiwandani. A4 ni kusafirisha mpaka saiti, A5 ni shughuli na mabaki ya saiti. B ni maisha ya jengo, matengenezo, kubadilisha vitu, nishati, maji. C ni kubomoa na kutupa. D ni faida inayoweza kupatikana baadae vifaa vikitumika tena. Hiyo D iandike pembeni, usiitumie kupunguza jumla hata siku moja, nimeona watu wanatoa faida ya chuma kitakachoyeyushwa miaka 60 ijayo ili namba ya leo ipendeze, huo ni mkopo wa mjukuu.

Haya tuhesabu slabu niliyoitaja. Mita za mraba 1,000, nguzo zimeachana mita 9 kila upande, slabu bapa, unene milimita 300. Zege ni mita za ujazo 300. Chukua kigezo cha kilo 300 kwa mita ya ujazo, cha kawaida tu, unapata tani 90. Nondo weka kilo 100 kwa kila mita ya ujazo, ni tani 30 za nondo, mara kigezo cha 2 unapata tani 60. Jumla tani 150, sawa na kilo 150 kwa mita ya mraba, na hapo hujagusa msingi, ukuta, dirisha wala paa. Rudi kwenye ile namba ya 750 ya ofisi uone slabu peke yake imekula moja ya tano.

Sasa sogeza nguzo ziachane mita 6.5. Slabu inashuka mpaka milimita 220, zege mita za ujazo 220 ambazo ni tani 66, nondo weka kilo 90 kwa mita ya ujazo, tani 39.6. Jumla kama tani 106. Umeokoa tani 44 kwa kusogeza nguzo tu, nguzo zilizoongezeka zitarudisha tani chache lakini bado umebaki na faida, na hujamwambia mteja alipe chochote, pengine umempunguzia. Af ukikaa na mhandisi mkabadilisha mchanganyo wa zege ukashuka mpaka kilo 220 kwa mita ya ujazo unafika kama tani 88. Mi nilipofanya hii hesabu mara ya kwanza nilikasirika kabisa, nikakumbuka miaka yote nilivyokuwa nang'ang'ania nafasi pana zisizo na nguzo kwenye ofisi ambazo baadae zilikatwakatwa na jipsamu kuwa vyumba vya mita 4.

Fanya mapema, na kwa mpangilio huu

Kosa letu kubwa lilikuwa kuhesabu baada ya tenda. Wakati huo umebaki kuchagua rangi na zulia. Hesabu ya kwanza ifanyike kwenye skechi, hata ikiwa na makosa ya asilimia 30 haina shida, maana unachotafuta ni kulinganisha chaguo moja na jingine.

Swali la kwanza kabisa, je hili jengo linahitajika? Wasanifu hatupendi hili swali kwa sababu linagusa ugali, sawa, lakini uliza. Linalofuata, kuna jengo tayari ambalo linaweza kukarabatiwa? Kaboni kubwa iko kwenye msingi na mifupa ya jengo, kwa hiyo ukibakiza mifupa umeshashinda nusu ya vita. Wasanifu wa Ufaransa Anne Lacaton na Jean-Philippe Vassal wamefanya kazi yao yote kwa msimamo wa kutobomoa, kule Bordeaux wengine wangeweza kushauri magorofa ya zamani ya Grand Parc yaangushwe, wao pamoja na wenzao wakayabakiza nyumba zote 530, wakaziongezea vibaraza vipana vya vioo kwa nje, na wapangaji wakaendelea kuishi mle mle kazi ikifanyika. Mwaka 2021 wakapewa tuzo ya Pritzker, tuzo kubwa kabisa ya usanifu duniani. Kwa hiyo anayekwambia ukarabati hauna heshima mwonyeshe hiyo.

Kama ni lazima kujenga kipya, punguza kabla ya kubadilisha. Besmenti ni ya kwanza kukata, ni kuta nene za zege, kuchimba, kuzuia maji, mara nyingi kwa ajili ya magari tu. Halafu umbali wa nguzo kama tulivyoona. Halafu nguzo zishuke moja kwa moja mpaka chini, zile bimu za kuhamisha mzigo kwa sababu ghorofa ya chini ina mpangilio tofauti na ya juu zinameza zege na nondo vibaya mno. Umbo la jengo lisiwe na kona kona zisizo na sababu.

Baada ya hapo ndo vifaa.

Saruji inatoa kama asilimia 7 mpaka 8 ya hewa ukaa yote duniani na kinachoumiza ni kwamba kama asilimia 60 yake haitoki kwenye moto, inatoka kwenye jiwe lenyewe. Chokaa ikichomwa kuwa klinka inaachia hewa ukaa hata ungechoma kwa umeme wa jua. Kwa hiyo dawa ni kupunguza klinka: slagi (mabaki ya viwanda vya chuma), majivu ya makaa, au mchanganyo wa udongo wa mfinyanzi uliochomwa pamoja na chokaa mbichi, unaoitwa LC3, huu unapunguza kama asilimia 30 mpaka 40. Angalizo kuhusu slagi, ipo kidogo duniani na karibu yote inatumika tayari, kwa hiyo ukiivuta wewe mwingine anakosa, namba yako inashuka ila dunia haijapata kitu. Kupunguza ujazo wa zege hakuna huo ujanja.

Chuma kinategemea tanuru. Cha tanuru la makaa ni kama tani 2 za hewa ukaa kwa tani moja ya chuma, cha tanuru la umeme linaloyeyusha chuma chakavu kinashuka chini ya tani moja. Alumini vivyo hivyo, ya chakavu inatumia kama asilimia 5 tu ya nishati ya ile mpya, kwa hiyo kabla hujajaza ukuta mzima wa vioo na fremu uliza alumini imetoka wapi.

Mbao sasa. Mita ya ujazo ya mbao laini imehifadhi kama kilo 800 za hewa ukaa ambayo mti ulivuta, ndo maana watu wanashangilia. Shangilia kwa akili: iandike kwenye mstari wake peke yake, hakikisha msitu unapandwa tena, na jua mbao ikioza au ikichomwa ile hewa inarudi. Ukiitumia hiyo namba kupunguza jumla, ukijaza mbao nyingi zaidi ya inavyohitajika jengo litaonekana safi zaidi, ambayo ni kichekesho.

Gesi za viyoyozi, watu huwa wanasahau

Kaboni ya matumizi wengi mnaijua, kivuli, mwelekeo wa jengo, kuzuia hewa kupenya ovyo, insulesheni, mashine ndogo inayotosha. Sirudii. Ila gesi za kupoozea. R410A, iliyojaa kwenye viyoyozi vingi, kilo moja yake inapasha dunia sawa na kilo 2,088 za hewa ukaa. Kilo 10 zikivuja ni karibu tani 21, nusu ya zile tulizookoa kwenye slabu, zimepotea kwenye nati iliyolegea. R32 ni 675, na propani R290 haifiki 5. Makubaliano ya Kigali ya 2016 yanazibana hizi gesi taratibu, lakini mashine unayoichagua leo itakaa miaka 15 au zaidi, kwa hiyo andika gesi unayoitaka kwenye maelezo yako ya kazi saivi.

Andika kwenye mkataba, la sivyo umeota

Hapa nilipigwa. Tulikuwa tumekubaliana na mhandisi mchanganyo mzuri kabisa, hesabu ikapendeza, lakini kwenye nyaraka za tenda tukaandika nguvu ya zege tu, hatukuandika kiwango cha kaboni. Mkandarasi akaleta zege lenye nguvu ileile, saruji tupu, na kisheria hakuwa na kosa lolote. Toka siku hiyo naandika mambo matatu: kilo za juu kabisa za hewa ukaa kwa mita ya ujazo kwa kila aina ya zege, EPD iletwe kabla ya kumwaga na sio baada, na badiliko lolote la kifaa lije na namba yake ya kaboni kama linavyokuja na bei. Kingine, zege lenye klinka kidogo linachelewa kukomaa, kwa hiyo kwa misingi omba mhandisi apime nguvu ya siku 56 badala ya 28, ukimlazimisha 28 mkandarasi ataongeza saruji ili awahi na utakuwa umerudi pale pale.

Kwa mteja usianze na habari za kuokoa dunia. Mwonyeshe slabu mbili, unene, ujazo, kaboni, gharama, safu nne tu. Mara nyingi anachagua mwenyewe.

Na ofseti, yaani kumlipa mtu mwingine apunguze hewa ukaa kwa niaba yako? Ukinunua, nunua mwisho kabisa, zionyeshe kando, na usiseme jengo halina kaboni kwa sababu umelipia miti ya mtu.

Kutoa ripoti

Mficha uchi hazai. Mwaka wetu wa kwanza wa kuhesabu miradi yote, wastani ulikuwa mbaya na mmoja wa wakubwa akataka tupeleke ile mizuri tu. Tulibishana wiki nzima. Ukichagua miradi ya kuonyesha, mwaka unaofuata huwezi kujua kama umeshuka au umechagua vizuri zaidi. Peleka yote, na kila namba iseme imehesabu herufi zipi, miaka mingapi, na mita za mraba zipi. Hilo la mwisho lina wizi mwingi, mtu anahesabu kaboni ya jengo bila maegesho ya chini halafu anagawa kwa eneo lote pamoja na maegesho, namba inashuka kimuujiza.

Halafu rudi kwenye jengo. Mwaka mmoja baada ya watu kuhamia nenda kasome mita, linganisha na ulichoahidi. Sisi tulienda kwenye jengo tuliloahidi kWh 55 kwa mita ya mraba tukakuta 92. Tukazunguka na fundi wa jengo kutoka paa mpaka chini, vioo sawa, kivuli sawa, kumbe kwenye chumba cha mitambo pampu mbili zilikuwa zinazunguka usiku kucha na wikendi, mtu aliziweka ziendeshwe kwa mkono siku ya majaribio na hakuna aliyezirudisha kwenye otomatiki. Fundi akazungusha swichi palepale, akachomoa kalamu ya maka mfukoni akaandika tarehe kwenye mlango wa boksi, akatuambia turudi mwezi ujao tusome tena.